Mkono wa Kushoto wa Mbwana Nanga

Juzi wajukuu zangu wawili waligombana sebuleni hadi mmoja akasusa chai. Sababu ni shujaa wao wa vitabu vya picha, yule anayeruka juu ya maghorofa. Mmoja anasema shujaa alizaliwa na nguvu zake, amesoma mwenyewe. Mwingine anasema hapana, alizipata ukubwani baada ya ajali, na yeye pia amesoma mwenyewe. Wakaja kwangu niamue, maana wanajua babu yao alikuwa mchongaji wa picha za magazeti. Nikawaambia wote wawili wamesema kweli, wakanitazama kama mzee ambaye akili imeanza kumtoka.

Basi nawaandikia wao, pamoja na ninyi vijana wengine mnaochora katuni siku hizi bila hata kuchafua kucha. Mnaniuliza kila mara kwa nini shujaa hubadilishiwa asili, na nani aliyetoa ruhusa. Swali hilo nimekaa nalo tangu ujana na bado linanishangaza. Jibu la kitabuni sina. Ninalo la matbaa yetu ya Ngamiani, hapa Tanga, miaka ya hamsini, tulipokuwa na shujaa wetu aitwaye Mbwana Nanga.

Mbwana Nanga alikuwa vipande vya linoliamu, lile zulia gumu la kutandika sakafuni, tulivyovibandika juu ya mbao. Unachonga pale usipotaka wino ushike, unaacha pale unapotaka ushike, kisha kipande kinafungwa pamoja na herufi za risasi na kupelekwa kwenye mashine. Ukurasa wa mwisho wa gazeti letu la wiki ulikuwa wake. Maneno aliyaandika mwenye matbaa, Bwana Salehe, mtu wa miwani na haraka. Picha alizichonga Fundi Yohana, Mbondei wa Muheza aliyejifunzia kazi misheni, na mimi, Athumani, nilikuwa chini yake. Nilikwisha kuota ndevu na nilikuwa natafuta mke.

Hapo mwanzo Mbwana Nanga alikuwa mchukuzi wa bandarini, yatima wa Pangani, na nguvu zake zote zilikuwa kubeba robota moja la mkonge lililowashinda wenzake. Wiki ya pili akabeba mawili, kwa sababu wasomaji hawanunui tena robota lile lile. Halafu Bwana Salehe akapata kutoka kwa mfanyabiashara mmoja kipande cha chuma chenye picha ya treni, kilichobaki katika kazi ya kalenda. Picha nzuri, hatukuweza kuiacha ikae bure. Wiki ile Mbwana Nanga akainua behewa.

Watu wakauliza mchukuzi gani huyu. Bwana Salehe akaandika kwamba aliwahi kulala ndani ya mapango ya Amboni akatoka na nguvu. Wazee wa msikitini wakamwita, wakamwambia kwa upole kwamba anawafundisha vijana kuabudu mapango. Wiki iliyofuata nguvu zikawa zimetokana na radhi ya mama yake, na yule yatima wa mwanzo akawa na mama, tena mzima, anauza vitumbua Chumbageni. Nilidhani watu watacheka. Hakuna aliyecheka. Mama wengi walinunua gazeti wiki ile.

Kuna na habari ya kovu. Kipande cha kichwa cha habari, kile chenye sura yake kilichotoka kila wiki, kilibanduka kidogo shavuni mashine ilipokibana vibaya. Tulichapa hivyo hivyo, Mbwana Nanga akatokea na alama nyeupe chini ya jicho. Jumatatu yake Bwana Salehe alikuwa amekwisha kuandika kisa cha papa wa Pangani. Nikamsikia mtu sokoni akimwambia mwenzake kwamba kovu lile alikuwa nalo tangu toleo la kwanza. Mimi nilikuwa na lile toleo la kwanza ukutani. Nilitaka kumtazama tu, nione mtu anavyokumbuka jambo ambalo halikuwako.

Sasa sikilizeni kidogo habari ya ufundi, maana bila hiyo hamtaelewa yaliyotokea. Picha ya kuchonga hutoka imegeuka. Ukimchonga mtu anatazama baharini, karatasini atatazama bara. Kwa hiyo Fundi Yohana alichora kwanza kwenye karatasi aliyoipaka mafuta ya nazi ili ipenye mwanga, akaigeuza, akainakili upande wa nyuma. Akimaliza kuchonga alikipeleka kipande mbele ya kioo kilichotundikwa ukutani. Kioo kilimwonyesha picha kama itakavyotoka. Alikuwa akisema kioo ndicho mhariri pekee asiyetaka chai.

Na mimi nilikuwa na mageuzi yangu mwenyewe. Mimi ni mtu wa mashoto. Mama alinifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa nilipokuwa mdogo, na mwalimu wa chuo cha Kurani akaongeza bakora, nikajifunza kula, kuandika na kusalimia kwa kulia kama watu. Lakini kisu cha kuchongea kilikataa. Nikikishika kwa kulia kinateleza. Fundi Yohana alinitazama nikihangaika, akaniambia kisu hakijui kulia wala kushoto, kinachojua ni vidole vilivyokaa mbele yake na vidole vilivyokaa nyuma yake, basi niweke vyangu nyuma. Ushauri ule umeniachia vidole vyote kumi hadi leo.

Kila gazeti likitoka, Bwana Salehe alinituma kwenye baraza nikasikilize watu wanasema nini. Baraza nililolipenda lilikuwa la Mzee Mbaraka, fundi cherehani wa mtaa wa Usagara. Macho yake yalikuwa ya sindano, si ya herufi ndogo, kwa hiyo binti yake Rukia, aliyesoma shule, alisoma gazeti kwa sauti kutoka ndani, nyuma ya pazia la dirisha, na wanaume wakasikiliza nje. Alimsoma Mbwana Nanga kwa sauti nzito na wezi kwa sauti nyembamba. Nilimpenda kwa masikio kabla ya macho, na sioni haya kulisema. Nikamtuma mjomba wangu Kibwana akanipelekee posa.

Mjomba alirudi kanzu imempwaya kwa unyonge. Mzee Mbaraka amesema kijana hana ubaya, ila siku alipokuja matbaa kuchukua kadi za harusi ya nduguye aliniona nikichonga. Mkono ule, amesema, ni wa chooni, na nyumba inayolishwa kwa mkono wa chooni haikai baraka. Isitoshe, kuna karani wa reli kutoka Korogwe amepeleka posa yake, na jibu atapewa watu wakimaliza kufunga sita, yaani zile siku za sunna baada ya Idi. Ramadhani ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilijiona mtu anayetazama mlango ukifungwa polepole, na ufunguo ndio ule ule mkono wangu.

Ikafika siku ya kuamkia Idi. Kichwa cha habari cha zamani kilikuwa kimepasuka, na Fundi Yohana alikuwa na kipande kikubwa cha mwisho cha linoliamu katika matbaa yetu. Kingine kingekuja na meli, na meli haikusema lini. Kazi ilikuwa picha mbili: sura mpya ya Mbwana Nanga ameinua nanga, na picha ya Idi, Mbwana Nanga akimpa bibi kizee sadaka.

Mchana ule kinyozi jirani yetu aliangusha kioo chake kikavunjika, na nje ana foleni ya vichwa vinavyotaka kwenda kusali vimependeza. Akaja kuazima chetu. Fundi Yohana akampa pale pale. Alisema watu wakienda kwenye sala ya Idi wamenyolewa nusu, lawama itamwangukia Mkristo. Kioo kikaenda. Kwa haraka Fundi akaiacha na ile karatasi ya mafuta, akachora moja kwa moja juu ya linoliamu kwa penseli, akiamini jicho lake la miaka mingi. Picha zenyewe hazikuwa na herufi hata moja ya kutugutusha. Bwana Salehe alipoletewa karatasi ya majaribio alisoma maneno tu, akasema piga.

Idi pili nilikuwa baraza la Usagara. Rukia alisoma hadi kwenye sadaka, kisha akalitoa gazeti dirishani. Gazeti likapitishwa nje, kutoka mkono hadi mkono. Mbwana Nanga, siku ya Idi, anampa bibi kizee sadaka kwa mkono wa kushoto. Na juu, kwenye sura mpya, ameinua nanga kwa mkono huo huo.

Hamjui ninyi uzito wa jambo lile. Kwetu ukimpa mtu hata kiberiti kwa kushoto, atakungoja ubadilishe mkono. Mmoja akasema Mbwana Nanga amekufuru. Muuza kahawa akasema hapana, ni watu wa matbaa waliofuturishwa kwa tende mbovu. Mwingine akaapa hanunui tena. Mimi nilikuwa kwenye benchi la nyuma nimeinamia kikombe, nikijua kwamba nikirudi na habari hizi Fundi Yohana atakosa usingizi, na nikijua vilevile kwamba kila neno wanalomwambia Mbwana Nanga ndilo nililoambiwa mimi.

Mzee Mbaraka alikuwa anapiga pasi ya mkaa kwenye kanzu ya mtu. Huyu ndiye aliyempenda Mbwana Nanga kuliko wote, akimtaja kama mtu wa mtaani kwake. Akaiweka pasi kando.

"Yakhe, mnahukumu upesi," akasema. "Mkono wake wa kulia umeangusha wezi wangapi? Ule ni mkono wa kupiga, una machozi ya watu. Sadaka ya Idi utaitoa kwa mkono uliopiga watu, au kwa mkono usiowahi kumdhulumu mtu? Ule wa kulia ameuwekea nadhiri. Hautoi tena mpaka ajue umesamehewa."

Kisha mmoja akasema kweli, hata yeye aliona kwamba siku zile za bandarini Mbwana Nanga alikuwa akiuficha mkono wa kulia. Mwingine akakumbuka kwamba hata behewa aliliinua kwa kushoto. Kahawa haijapoa, wote walikuwa wamejua siku nyingi. Ni mimi peke yangu niliyejua kwamba kila picha ya nyuma, robota, papa na behewa, ilikuwa ya mkono wa kulia, kwa sababu nilizisafisha wino kwa kitambaa mimi mwenyewe.

Nilirudi Ngamiani mbio, na lawama zilikuwa zimenitangulia. Fundi Yohana alikuwa amekwisha kukaa mbele ya kile kioo, kilichorudishwa kikiwa na nywele za wateja wa kinyozi, anajitazama kama mtu anayekidai jibu. Bwana Salehe alikuwa anaandika tangazo la kuomba radhi. Nikawaeleza maneno ya Mzee Mbaraka. Bwana Salehe akavua miwani, akacheka hadi akapaliwa, akalikunja lile tangazo akalitia mfukoni. Wiki iliyofuata Mbwana Nanga akapata asili mpya: zamani bandarini alimpiga mwenzake kwa mkono wa kulia kwa kosa la kusingiziwa, yule mtu akalala kitandani baina ya uhai na kufa, na tangu hapo mkono ule ukafungwa kwa nadhiri.

Fundi Yohana akanisukumia linoliamu ya vipande vipande iliyobaki. Alisema yeye kila akimchonga huyu mtu mpya mkono unamrudia kulia, kwa hiyo kuanzia sasa ni wangu. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo hakuna aliyenifundisha. Mtu wa mashoto si mtu wa kulia aliyegeuzwa kwenye kioo. Anasimama vingine, anafungua mlango vingine, bega lake linatangulia vingine. Mbwana Nanga wa Fundi Yohana alikuwa amekosea mkono. Wangu alikuwa na mashoto kweli.

Toleo lile likasomwa Usagara. Kwa adabu nisingekwenda, mtu niliyekataliwa posa, lakini nilikuwa nimetumwa kazi. Nikajibanza nyuma ya muuza kahawa. Rukia alisoma kisa cha nadhiri mwanzo hadi mwisho, na Mzee Mbaraka alisikiliza maneno yake mwenyewe yakirudi kwake yamevaa herufi, asiseme ni yake, ila cherehani ilikwenda kwa furaha. Kisa kikaisha. Rukia hakulikunja gazeti.

"Baba, naomba kuuliza," sauti ikatoka nyuma ya pazia, yake mwenyewe, si ya Mbwana Nanga. "Mkono usiomdhulumu mtu ni safi, hata ukiwa wa kushoto?"

"Ndiyo maana yake, mwanangu."

"Basi yule kijana wa matbaa, mkono wake umemdhulumu nani?"

Binti kumuuliza babaye hivyo mbele ya wanaume lilikuwa jambo zito kuliko behewa la treni. Watu wakatazama vikombe vyao. Mimi nilitamani ardhi inifungulie, na wakati huo huo nilitaka kuruka kwa furaha, kwa kuwa sikujua hata siku moja kama ananijua. Mzee Mbaraka alikanyaga cherehani ikaenda, ikaenda, na sindano haikuwa na uzi. Sote tuliona. Hakuna aliyemwambia.

Siku zilikatika, nikasikia wengi wamefika mwisho wa sita. Nikajua karani wa Korogwe anapiga pasi suti. Asubuhi moja mlango wa matbaa ukatiwa kivuli, akaingia Mzee Mbaraka na futi yake ya kupimia shingoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasema amekuja kutazama tu. Nilikuwa nachonga Mbwana Nanga ametupwa kisimani. Nikahamisha kisu kwenda mkono wa kulia. Fundi Yohana akakohoa. Nikakirudisha kushoto.

Mzee alisimama nyuma ya bega langu, akiitazama picha katika kile kioo cha ukutani. Mwisho akauliza kwa nini mguu wa mbele ni wa kulia. Nikasimama, nikamwonyesha kwa mwili wangu mtu wa mashoto anavyojiweka akitaka kuvuta kamba. Akanitazama kwa makini, kama anayechukua vipimo vya nguo, akaniambia nirudie. Nikarudia. Kisha akainama juu ya picha na kuiwekea kidole.

"Mfuko wa kanzu yake umeuweka pabaya," akasema. "Huyu ni wa kushoto, atautiaje mkono hapo? Uhamishe upande huu."

Nikauhamisha, maana bado ulikuwa wa penseli tu. Kwa kweli alikuwa amenishinda, sikuwa nimeuwaza mfuko. Akatoka bila kuaga.

Jioni mjomba Kibwana alikuja nyumbani na uso wa mtu aliyeficha halua mdomoni. Mzee Mbaraka amemwita. Amesema karani wa reli ni mtu mwema na Mungu atampa wa kwake. Amesema posa iletwe upya. Na amesema, kwa sauti ya chini, Athumani amweleze jinsi Mbwana Nanga atakavyotoka mle kisimani. Ile ya mwisho sikuweza kuitimiza, kwa kuwa Bwana Salehe mwenyewe alikuwa hajui. Siku ya kufungishwa ndoa Mzee alinishika mkono wa kulia kama sheria inavyotaka, na kabla shekhe hajaanza alininong'oneza tena kuhusu kisima.

Mbwana Nanga aliendelea kubadilika. Linoliamu mpya ilipokuja na meli tukachonga sura nyingine, nadhiri ikafunguliwa, mkono wa kulia ukasamehewa, akawa anatumia yote miwili. Baadaye akajua kusikia mazungumzo ya mbali, kwa sababu Bwana Salehe alinunua redio. Nilipokuwa kijana niliona huo ni uongo juu ya uongo. Sasa nadhani kila aliyemshika alikuwa na shida yake ya wiki ile, linoliamu imekwisha, wazee wamekasirika, kijana anataka mke, na shujaa alikuwa na mgongo mpana wa kuzibeba zote. Asipobadilika hazibebi. Lakini sina hakika. Ninyi mnaochora leo mniambie shida zenu zinaingia wapi.

Jambo moja nina hakika nalo. Wajukuu zangu, ninyi mnaosusa chai kwa ajili ya asili ya kweli, asili yenu ninyi ni kioo alichokiazima kinyozi.

Na hata hiyo imeandikwa upya. Mzee Mbaraka alipozeeka sana, mama yenu na ndugu zake walimwuliza siku moja alivyonipata mimi mkwe. Akawaambia alinichagua mwenyewe. Alikwenda matbaa kuchukua kadi za harusi, akaniona nikichonga kwa kushoto, akasema moyoni kijana huyu nampa Rukia wangu. Mjomba Kibwana, aliyeubeba ule ujumbe wa mkono wa chooni, alikuwa amekaa pale pale mkekani, na akaitikia kwa kichwa kwamba ndivyo ilivyokuwa. Rukia alifungua mdomo amsahihishe. Nikamkonyeza anyamaze.

Nilimtazama usoni yule mzee nitafute mzaha, sikuuona. Alikuwa anakumbuka. Nikammiminia kahawa, nikampelekea kikombe kwa mkono wa kulia kama nilivyofunzwa kwa kitambaa na bakora. Akautazama mkono wangu, akanyoosha wake wa kushoto, akapokea.